Desa la Fantasi Halijui Sheria za Ligi Yenu

Kila Novemba, chuo kikishafunguliwa na boom la kwanza likishaingia, kwenye vimbweta vya hosteli yetu huanza shughuli moja ambayo haipo kwenye almanaki ya chuo. Watu kumi wanakaa na daftari, kila mmoja ametoa shilingi 10,000, wanagawana wachezaji wa Ligi Kuu ya Uingereza mmoja baada ya mwingine. Ukimchukua Haaland, ni wako peke yako mpaka Mei. Wenyewe tunaiita drafti, na wazee wa kijiweni wakisikia hufikiri tunazungumzia ile ya kete na ubao.

Kila Novemba pia naona jambo lilelile. Nusu ya waliokaa pale wameshika simu, na kwenye simu kuna orodha waliyoishusha mtandaoni: wachezaji bora 100, kuanzia wa kwanza hadi wa mia. Zamu ikifika wanasoma jina lililo juu ambalo halijachukuliwa, wanalitaja, wanarudi kuangalia status za WhatsApp. Kwa lugha yetu hilo ni desa. Na kila mwanachuo anajua kinachotokea ukiingia kwenye mtihani na desa la kozi ya mwalimu mwingine.

Hoja yangu ni kwamba orodha yoyote ya wachezaji ni jibu la swali fulani, na swali lenyewe ni sheria za ligi. Sheria zikibadilika, jibu linabadilika. Aliyeandika ile orodha huko Uingereza alikuwa na ligi yake kichwani. Hakuwa na ya kwenu.

Tuanze na kosa la kawaida kuliko yote, la kubeba ushauri wa FPL ya kawaida na kuuleta kwenye drafti. FPL ya kawaida ina bajeti ya pauni milioni 100, ina nahodha anayezidishiwa pointi mara mbili, na watu milioni moja wanaweza kuwa na mchezaji mmoja kwa wakati mmoja. Ndiyo maana utakuta beki wa milioni 4.5 anasifiwa kama malaika. Sifa yake kubwa ni bei, kwamba anakuachia hela ya kumnunua mtu mwingine. Kwenye drafti hakuna bei, kwa hiyo beki yule ni beki wa kawaida tu. Kadhalika wale wanaosifiwa kwa kuwa wamechukuliwa na watu wachache. Kwenye drafti kila mchezaji ana mwenyewe mmoja, basi sifa hiyo haina kazi. Hata uzito wa Haaland na Salah unapungua kidogo ukiondoa unahodha, ingawa sisemi mtu awaache. Nani mwenye akili timamu atawaacha?

Lipo na suala la klabu. FPL ya kawaida inakuzuia kuzidisha wachezaji watatu wa timu moja. Kwenye drafti ya FPL yenyewe kizuizi hicho hakipo, na kwenye daftari letu hakijawahi kuwepo. Arsenal waliruhusu mabao 34 tu msimu wa 2024/25, machache kuliko timu nyingine yoyote ya ligi. Ukitaka kipa wao na mabeki wao watatu, sheria inakuruhusu. Kama ni busara, hilo ni swali jingine: siku wakifungwa bao la dakika ya 88, umepoteza pointi nne mara nne kwa mkupuo mmoja.

Sasa nifike kwenye kiini, ambacho wengi hawataki kukisikia kwa sababu kina hesabu. Idadi ya watu kwenye ligi ndiyo sheria kubwa kuliko zote.

Drafti ya FPL ina kikosi cha watu 15: makipa 2, mabeki 5, viungo 5, washambuliaji 3. Ligi ikiwa na watu wanne, mmechukua wachezaji 60. Klabu ziko 20, na kila moja inaanza na wachezaji 11, jumla 220. Maana yake wachezaji 160 wanaoanza mechi wako huru mtaani, unawaokota wakati wowote. Katika ligi ya namna hiyo, kuhangaika na benchi ni kupoteza muda. Chukua nyota, na mchezaji akipoa mtupe, chukua anayewaka. Ligi ikiwa na watu 12, mmechukua wachezaji 180. Waliobaki ni 40, na wengi wao ni wale ambao hata mashabiki wa timu zao hawawapendi. Hapo mchezaji wa kawaida anayecheza dakika 90 kila wiki ni mali. Mkiwa 16, mnahitaji wachezaji 240, idadi ambayo haipo. Kuna mtu atakuwa na majina ya watu wasiocheza, na mtu huyo atakuwa yule aliyefuata orodha iliyotengenezwa kwa ligi ya watu wanane.

Angalia makipa peke yao. Watu wanane wenye makipa wawili kila mmoja wanachukua makipa 16; wanne wanaoanza wanabaki huru. Watu kumi wanachukua 20, yaani kila kipa wa kwanza wa kila klabu ana mwenyewe. Watu 12 wanahitaji 24, kwa hiyo wanne lazima wawe wa benchi. Mchezo ni uleule na sheria za pointi ni zilezile, lakini thamani ya kipa imehama kutoka "chukua mwishoni" hadi "usiachwe ukaumbuka".

Wanaojua mambo haya hawamuulizi mchezaji ana pointi ngapi. Wanauliza amemzidi kwa ngapi yule ninayeweza kumpata bure. Tuseme kipa bora wa msimu ana pointi 150 na kipa wa mwisho anayepatikana kwenye ligi yenu ana 120. Tofauti ni 30. Tuseme mshambuliaji fulani ana pointi 145, tano pungufu ya yule kipa, lakini mshambuliaji wa mwisho anayepatikana ana 70. Tofauti ni 75. Orodha ya mtandaoni itamweka kipa juu kwa sababu 150 ni kubwa kuliko 145. Ligi yenu inasema mshambuliaji anamzidi kipa mara mbili na nusu. Hesabu ya darasa la tano, lakini nimeona watu wa Uhandisi wakiiruka.

Nitoe mfano wa kwetu. Ligi yetu haichezwi kwenye programu ya FPL. Tunachukua pointi zao na kuzijaza kwenye Excel, halafu tuna sheria zetu wenyewe. Kikosi ni watu 14, 11 wanaoanza na watatu wa benchi. Sheria iliyowekwa na waanzilishi, ambao wengi wameshahitimu, ni kwamba kila wiki lazima uanze na washambuliaji wawili. FPL inakuruhusu kuanza na mmoja tu. Waanzilishi walisema wao wanataka mpira wa zamani, mbele wawili, habari za "tisa wa uongo" wawaachie Wahispania.

Sheria inaonekana ni ya kuchekesha. Sasa ihesabu. Watu kumi mara washambuliaji wawili ni 20 wanaotakiwa kuanza kila wiki, na klabu nyingi za Uingereza siku hizi zinacheza na mshambuliaji mmoja wa kati. Tena FPL inawaandikisha mawinga wengi kama viungo. Salah msimu wa 2024/25 alipata pointi 344, rekodi ya mchezo ule, kwa mabao 29 na pasi za mabao 18, na aliandikwa kiungo. Bao la kiungo ni pointi 5, la mshambuliaji ni 4. Angeandikwa mshambuliaji angepoteza pointi 29 kwenye mabao peke yake, kabla hatujagusa ile pointi moja anayopewa kiungo timu isipofungwa. Kwa hiyo kwenye orodha za mtandaoni viungo wamejaa juu, na washambuliaji wametawanyika chini. Kwa FPL ni sahihi kabisa. Kwetu ni mtego.

Novemba 2024 dada mmoja wa Takwimu alikuja na karatasi aliyoiandika kwa mkono. Zamu yake ilikuwa ya saba. Drafti yetu inakwenda kwa zamu ya nyoka, aliyechagua wa mwisho anaanza raundi inayofuata, kwa hiyo wa saba kati ya kumi anachagua wa 7, kisha wa 14. Salah na Haaland walishaondoka. Alimtaja Alexander Isak. Sawa, watu wakanyamaza. Zamu ya 14 akamtaja Chris Wood wa Nottingham Forest, na kimbweta kizima kikaangua kicheko. Kwenye orodha za Agosti, Wood alikuwa huko mkiani. Lakini drafti yetu haikuwa ya Agosti, ilikuwa ya Novemba, na Wood alikuwa tayari na mabao 8. Msimu uliisha Isak akiwa na mabao 23 na Wood 20. Waliocheka walikuwa na viungo wazuri sana, na kila wiki walilazimika kuanza na mshambuliaji wa akiba anayeingia dakika ya 80. Dada yule aliondoka na shilingi 70,000 zake, wa pili 30,000, wengine tukabaki na Excel.

Tarehe ya kuanza nayo ni sheria, hata kama haikuandikwa popote. Ligi Kuu inaanza Agosti, vyuo vyetu vinafunguliwa miezi miwili mitatu baadaye. Orodha ya Agosti inapima wiki 38. Sisi tunapima kama 27 hivi. Mchezaji aliyeumia Septemba na kurudi Novemba ameshapoteza pointi za wengine, za kwako bado. Kuna pia AFCON. Ile ya Morocco ilianza 21 Desemba 2025 na kuisha 18 Januari 2026. Kwa ligi ya wiki 38, mchezaji aliyekwenda huko alikosa sehemu ndogo ya msimu. Kwa ligi inayoanza Novemba, pengo ni lilelile lakini msimu ni mfupi, basi linauma zaidi. Kwa zile ligi za hosteli zinazofunga hesabu kabla ya Krismasi ili watu wapate nauli ya kwenda nyumbani, AFCON iligusa kidogo tu, mwishoni kabisa: ungemchukua Salah ukalala. Ligi tatu, mchezaji mmoja, thamani tatu tofauti.

Tuna sheria nyingine naipenda sana. Wiki za UE ya muhula wa kwanza usajili unafungwa, hakuna kubadilisha mchezaji, ili mtu asije akasema alipata supu kwa sababu ya fantasi. Wiki tatu umekaa na kikosi chako kama kilivyo. Hapo mchezaji hodari lakini wa kuumiaumia anashuka, na yule wa kucheza kila siku anapanda. Hata kadi za njano zinaanza kuwa na maana, kwa sababu Uingereza mchezaji akifikisha kadi tano ndani ya mechi 19 za kwanza anakaa nje mechi moja, na akifikisha kumi kabla ya mechi ya 32 kupita anakaa nje mbili. Kiungo wa shoka mwenye kadi tisa mwezi wa pili ni hatari kwenye ligi yetu. Kwenye programu ya FPL ungemtoa tu, maisha yakaendelea.

Wamarekani walishalimaliza jambo hili zamani, maana fantasi yenyewe imetoka kwao. Ilibuniwa 1962 na kina Bill Winkenbach wa Oakland, na drafti ya kwanza ikafanyika 1963, kwa mpira wao ule wa kukimbia nao mkononi. Mtu wa kwanza kuchaguliwa alikuwa George Blanda, ingawa Jim Brown, mkimbiaji aliyeogopwa na kila mtu, alikuwepo. Blanda alikuwa anarusha pasi na pia anapiga mpira kwa mguu kufunga, kazi mbili kwenye mwili mmoja. Mpaka leo orodha zao zinatolewa kwa matoleo: ligi inayotoa pointi moja kwa kila pasi iliyodakwa ina orodha yake, isiyotoa ina yake. Mwaka 2019 Christian McCaffrey alidaka pasi 116. Kwenye ligi ya kwanza hizo ni pointi 116 za ziada, kwenye ya pili ni sifuri. Hakuna Mmarekani anayecheza kwa makini atakayechukua orodha bila kuuliza ni ya ligi gani.

Najua majibu yatakayokuja. La kwanza: "Mwana, ni mchezo tu, unatuletea hesabu za nini?" Ningekubali kama ungekuwa mchezo tu. Shilingi 10,000 ni milo mingapi ya kafteria, kila mtu anajua mwenyewe. Halafu hasara ya mtu anayedesa haibaki kwake. Ligi yetu ni ya kukutana ana kwa ana, kila wiki mtu na mtu, ushindi pointi tatu, sare moja. Mdogo wetu wa mwaka wa kwanza akichagua kikosi kibovu kwa kufuata desa, akapigwa wiki sita mfululizo, anaacha kuangalia. Timu yake inabaki na majeruhi watano na hakuna wa kuwatoa. Kuanzia hapo kila anayekutana naye anaokota pointi tatu za bure, na bingwa anaamuliwa na ratiba: nani alikutana na timu iliyokufa mara mbili, nani mara moja. Nimeona hosteli moja ligi ya watu kumi ikimaliza Mei ikiwa na watu wanne hai. Hao wanne waligawana hela za watu kumi.

Jibu la pili ni zito zaidi, na linatoka kwa waandamizi: "Asiyesoma sheria ashauriwe na kipigo." Hapa ndipo tunapotofautiana kabisa. Kwenye ligi nyingi sheria zenyewe hazijaandikwa. Ziko kichwani mwa mwenyekiti wa ligi, ambaye pia ni mchezaji, na ambaye pia anashika hela. Mwaka mmoja, kwenye ligi ambayo sitaitaja, mwenyekiti alitangaza kwamba kubadilishana wachezaji kunaruhusiwa baada ya drafti kuisha na baada ya yeye mwenyewe kuwa na viungo wa kuuza. Mtu anaweza kutengeneza orodha nzuri namna gani kwa sheria ambazo hazijazaliwa? Ukiwa unajua kuwa biashara ya kubadilishana ipo, unaweza kurundika washambuliaji ukijua utawauza. Ukiwa hujui, unajaza nafasi kwa usawa. Yule aliyejua alikuwa anacheza mchezo mwingine. Matangazo ya kubeti yamejaa mpaka kwenye simu za madogo waliofika jana. Sisi tusiwe kampuni nyingine inayosubiri boom lao liingie.

Sina shida na mtu kumshinda mwenzake kwa akili. Dada wa Takwimu alishinda kwa sheria ambayo wote tuliisikia ikisomwa kwa sauti kabla ya kuchagua. Hilo ni sawa kabisa. Ninachokitaka kwa ligi za Novemba hii ni kwamba sheria ziandikwe ukurasa mmoja na zitumwe kwenye grupu wiki moja kabla ya drafti na kabla ya mtu kutoa hela: watu wangapi, kikosi cha watu wangapi, nafasi zipi ni za lazima, pointi zinahesabiwaje, ligi inaanza na kuisha lini, usajili unafungwa wiki zipi, kubadilishana kupo au hakupo, na nani anapata nafasi ya kwanza kuwaomba wachezaji huru. Na mwenye kushika hela asiwe mwenye kutunga sheria.

Ukishaupata ukurasa huo, chukua orodha ya mtandaoni kama unavyotaka, mimi mwenyewe huwa naanza nayo. Kisha chukua kalamu. Kata wanaosifiwa kwa bei. Hesabu nafasi za lazima mara idadi ya watu, uone ni nafasi ipi itakauka. Angalia pia kama mwaka huo FPL wamegusa pointi zao. Msimu wa 2025/26 waliongeza pointi mbili kwa beki anayefikisha matendo kumi ya ulinzi kwenye mechi, na kwa kiungo au mshambuliaji anayefikisha 12, na ghafla mabeki wa kati wa kuondosha mipira siku nzima, aina ya James Tarkowski wa Everton, wakawa na bei ambayo jumla ya pointi za mwaka uliotangulia haikuwa inaionyesha. Wapange upya watu kama 40 wa juu, si lazima wote mia. Na kama drafti yenu iko kwenye programu, ingiza majina hayo mapema, kwa sababu bando huisha raundi ya tatu na umeme wa hosteli tunaujua, na mashine ikikuchagulia bila majina yako itafuata orodha yake yenyewe.

Ya kwetu ni Jumamosi ya pili baada ya chuo kufunguliwa, saa kumi jioni, vimbweta vya nyuma. Sheria ya washambuliaji wawili bado ipo. Nimeshaandika karatasi yangu na siionyeshi kwa mtu.